Kisu Hiki Kinakwenda Tabora

Kitangari, Newala
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwako Somoe,

Sikuulizi hujambo, kwa sababu nakusikia huko uani unafua na kuimba, na mgonjwa haimbi vile. Mimi sijambo. Baba yako yuko nyuma ya nyumba tangu jana anapasua kuni ambazo hatuna haja nazo. Sababu utaiona humu ndani.

Sitaandika habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala namna ya kuishi na mwalimu mkuu wa shule unayokwenda kufundisha Tabora. Hayo nimeyapanga kwenye karatasi nyingine, utaikuta ndani ya mfuko wa mchele. Barua hii ina jambo moja. Ukifungua begi lako, chini ya kanga mbili mpya utakuta kisu cha kukunja kimefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Nimekiweka mimi. Mjomba wako Selemani amesema kisitoke katika nyumba hii. Kitatoka. Nataka ujue kwa nini, na kabla hujakitia mkononi nataka ujue pia jambo nililokuficha tangu una miaka minne. Ukishalijua, kukibeba au kutokibeba utaamua wewe. Mjomba hatakuamulia, na mimi pia sitakuamulia.

Nianze na namna nilivyokichagua, maana hapo nina la kujivunia, na huko mbele sitakuwa nalo.

Kisu changu cha kwanza nilikinunua mnadani Lisekese mwaka niliomaliza kidato cha nne, nilipojiunga na akina mama wa kitalu cha miche ya mikorosho. Nilikinunua kwa sababu mpini wake ulikuwa mwekundu. Nimelitafuta daftari langu la siku ile, nimeandika hivi: "Nimepata kisu, chekundu, kizuri sana." Siku chache baadaye nilikuwa nachonga kikonyo cha kubebeshea mche, yaani kijiti cha mkorosho mzuri kinachopachikwa kwenye shina la mche mchanga, nikakandamiza kwa ncha, bapa likajikunja na kunifumbia kidole. Ile alama kwenye kidole changu cha shahada, uliyokuwa ukiisugua ukisinzia ulipokuwa mdogo, ndiyo hiyo. Kisu kile hakikuwa na loki, yaani kile kibati ndani ya mpini kinachozuia bapa lisirudi lenyewe. Sikujua hata kwamba kuna visu vyenye kitu hicho. Nilikuwa nimeona rangi tu.

Kwa hiyo chako nimekifuata Masasi safari tatu. Safari mbili za kwanza nilirudi mikono mitupu, na baba yako akadhani nina shughuli nyingine mjini. Safari ya tatu kijana mmoja wa meza ya vyuma sokoni aliniwekea mbele kisu kinene kama mhogo.

"Mama, chukua hiki. Kina tochi, kina kifungulia soda, kina msumeno, kina mkasi, kina dira."

"Makali je?"

"Makali utatia mwenyewe nyumbani, mama."

"Na dira ya nini? Nipotee hapa sokoni?"

Jirani yake, muuza kufuli, akadakia: "Mama, kwani unataka kumchinja mzee?"

"Mzee nimeshamzoea," nikamwambia. "Nikimchinja nitaanza upya na nani?"

Wakacheka sana. Wakati wanacheka, yule wa meza ya vyuma akachomoa kisu chake mwenyewe mfukoni, akakata kamba ya furushi lililokuwa limeletwa, akakifuta, akakirudisha. Hakukitazama hata kidogo. Mkono wake ulikijua.

"Hicho nakitaka," nikasema.

"Hiki si cha kuuza, mama. Hiki cha kazi."

"Ndiyo maana nakitaka."

Ilibidi apekue sanduku mpaka chini ndipo akapata pacha wake. Nilikifungua na kukifunga mara ishirini nikiwa nimesimama palepale, watu wakipita na kunishangaa. Nikaukandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza kwa nguvu, vidole vyangu nikiwa nimeviweka mbali na njia yake: loki ikashika. Nikalitikisa bapa kushoto na kulia, halikucheza. Nikakifunga, nikakiinua kwenye jua, nikaona ncha imezama yote ndani ya mpini, haitakuchana mfuko wala paja. Bapa si refu kuliko upana wa kiganja changu, na hilo linatosha kwa kazi zote za mtu asiyechinja ng'ombe. Kimekazwa kwa skrubu, hivyo siku kikilegea utakikaza mwenyewe. Mpini ni mweusi, hauna uzuri wowote. Safari hii sikutafuta uzuri.

Sasa habari ya jana.

Jana, ulipokuwa Masasi kukata tiketi, mjomba wako alikuja kutoka Newala mjini kutazama vitu vyako. Unajua kwetu mtoto ni wa mjomba. Unyago wako ulipita kwake, posa ikija itapita kwake, na safari hii pia haikuweza kuondoka bila kupita kwake. Tulikaa barazani, yeye, mimi na baba yako. Mjomba akashika kitu kimoja kimoja na kukisifu. Shuka, nzuri. Sufuria, nzuri. Ndoo yenye mfuniko, nzuri sana. Kisha akafungua kitambaa cha kijani.

"Hiki cha nani?"

"Cha Somoe."

"Cha kufanyia nini?"

"Kukata."

"Kukata nini?"

"Kaka, kisu kinakata kinachokatika."

Baba yako akacheka, akakificha kicheko kwenye kikohozi.

"Mama Somoe, mimi sichezi," akasema mjomba. "Kisu cha mwanamke kinakaa jikoni. Wazazi wa kule wakimwona mwalimu wa kike anachomoa kisu mkobani, watasemaje?"

"Watasema penseli za watoto wao zimechongwa."

"Na atakayekuja kumposa?"

"Atajua mapema."

"Unamharibu mtoto."

"Mwanao Bakari alipokwenda Songea ulimpa kisu wewe mwenyewe, tena mbele ya watu."

"Bakari mwanamume."

"Bakari alikipoteza kabla hajafika Tunduru."

Hapo mjomba alianza kusema Kimakonde, na wewe unajua maana yake. Alisema mambo mengi. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole, kama mtu anayeweka tofali la mwisho: "Kisu kinaumiza. Niambie wewe, mdogo wangu, unayetembea na kisu kwenye pindo la kanga miaka yote hii. Hakijawahi kuumiza mtu katika nyumba hii?"

Alijua habari ya kidole changu, na nadhani alitegemea nionyeshe kidole, yeye ashinde, tunywe chai. Sikukionyesha.

Somoe, weka mkono kwenye kona ya kushoto ya mdomo wako. Hiyo alama nyeusi uliyokua nayo, ambayo shuleni walikutania kwamba umelamba masizi, umeambiwa siku zote kwamba uliipata Nanganga kwa shangazi yako Hadija, ulipochezea korosho zake bila kuangaliwa. Si kweli. Uliipata hapa Kitangari, mkononi mwangu.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilikaa kwenye jamvi napasua korosho ghafi kwa kisu changu, moja moja, kuona kama zimekauka vizuri kabla hatujazipeleka ghalani. Ganda bichi la korosho lina yale mafuta meusi yanayochubua ngozi. Hakuna mtoto wa Newala asiyeyajua, mnakanywa nayo kabla hamjajua kutembea. Nilipasua kama ishirini, nikaandika kwenye daftari ngapi nzuri na ngapi mbaya. Nikafuta kisu kwenye kanga, mfuto mmoja tu, huku nafikiria hesabu yangu. Kisha nikakata papai.

Ulikuja mbio, ukafungua mdomo, nikakupa kipande kutoka kwenye bapa.

Ukasema, "Mama, linawasha."

Nikasema, "Kula, usideke."

Ukala. Nikakupa na cha pili, ukala.

Alasiri ileile shangazi yako alikuja kukuchukua ukakae kwake wiki moja ili nimalize kuokota korosho. Kesho yake midomo ikavimba. Siku ya tatu ikatoka malengelenge, na upande wa kushoto ngozi ikabanduka. Siku zile shangazi alikuwa akikaanga na kubangua korosho pale Nanganga, anawauzia abiria wa mabasi barabarani. Kwa hiyo kila mtu aliyekuona alielewa, au alidhani ameelewa. Wakaniita.

Niliingia uani kwake, nikaona kikaango, nikakuona wewe. Nilijua papo hapo. Nilijua kabla sijakunyanyua. Na kinywa changu kikasema: "Wifi, ulikuwa wapi mtoto akichezea korosho zako?"

"Hakugusa, wifi," akasema. "Wallahi, hakugusa."

"Basi midomo imejiunguza yenyewe."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuyapunguza. Leo asubuhi nimelifungua daftari la mwaka ule. Siku ya papai kuna hesabu ya korosho nzuri na mbaya, imepigiwa mstari kwa rula. Siku ya Nanganga nimeandika: "Somoe ameungua mdomo kwa wifi." Daftari lile hakuna anayelisoma ila mimi. Nimekaa nalo nikijiuliza humo ndani nilikuwa namdanganya nani.

Kwa nini nilifanya hivyo? Sababu ya kwanza ni woga, na woga kila mtu anauelewa. Ya pili ni mbaya zaidi. Wakati ule mimi peke yangu kati ya wake wa hapa ndiye niliyekuwa natembea na kisu. Waliniita Mama Kisu. Wanaume walisema mke wa fulani siku moja atatahiri watu. Nilikuwa nimewajibu wote kwa kubebesha miche inayoshika kuliko yao. Nikaona wakijua kwamba kisu hiki kimemuunguza mwanangu, watasema tulisema, nami nitakiweka chini na kurudi kuokota tu. Ili nisishindwe na wao, nikamwachia wifi yangu abebe.

Na alibeba. Aliacha kukaanga korosho, kikaango akakigawa. Baba yako alimwambia maneno ambayo kaka hamwambii dada yake. Sikukuu alipokuja hapa, wewe ulikuwa ukijificha nyuma yangu, na mimi nilikuacha ujifiche. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko malengelenge, kwa sababu malengelenge nilikupa kwa uzembe wa dakika moja, lakini kule kujificha nilikuacha nako miaka.

Jana barazani niliyasema yote haya kama nilivyokuandikia. Mjomba akapiga paja.

"Umeona? Kinywa chako mwenyewe kimesema. Nilikuwa nakwambia nini?"

"Kaka, kisu hakikumwambia mtoto ale. Nilimwambia mimi. Kisu hakikwenda Nanganga kumsingizia mtu. Nilikwenda mimi. Ukitaka kuzuia kilichomuumiza Somoe kisiende Tabora, zuia ulimi wangu, na huo haupandi basi."

"Bado unabishana? Baada ya haya?"

"Sasa ndiyo nabishana vizuri. Zamani nilikuwa na kitu cha kuficha."

Akasimama, akavaa kofia yake. "Kisu kikienda, mimi dua ya safari sisomi. Na kesho kutwa stendi usinitegemee."

Unajua uzito wa maneno hayo. Hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyevuka Mto Rufiji bila dua ya mjomba. Nilimwangalia akiondoka na pikipiki, nikatamani kumwita, kisha nikaangalia kitambaa cha kijani nikakifunga upya na kukirudisha begini.

Baba yako aliweka kikombe chini. "Nilimtukana dada yangu kwa ajili yako," akasema. Akachukua shoka, akaenda nyuma ya nyumba. Leo asubuhi alipita hapa mlangoni, akauliza, "Umempigia?" Hayo tu. Nimeyapokea, ni haki yake.

Nilimpigia shangazi yako saa nne. Nilimweleza tangu korosho ya kwanza mpaka papai. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Mimi siku ile nilikuwepo. Nilijua sikukosea. Mtoto ndiye hajui."

"Nitamwandikia."

"Andika sawasawa. Usiandike kama wakili."

"Sawa, wifi."

"Basi lake linapita hapa saa ngapi?"

"Saa tatu, kama halikuharibika njiani."

"Nitakuwa barabarani."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza, maana kumwuliza kungekuwa kumtwika mzigo mwingine. Basi hushusha na kupakia pale Nanganga. Mwombe kondakta dakika mbili, ushuke. Usimpungie mkono dirishani.

Sasa, ikiwa baada ya haya bado unakitaka kisu, nikupe ninayoyajua. Sikuyasoma mahali. Kila moja nililipata kwa kukosea.

Kisu kilichokata kitu usichokijua, kioshe kabla hakijagusa chakula. Usifute, osha. Sabuni, na majivu kama kuna kinachonata. Huko Tabora wanalima tumbaku, kuna miti na utomvu usioujua. Usiulize kama kinaonekana kisafi. Changu siku ile kilikuwa kinang'aa. Na mtoto akikwambia linawasha, linawasha. Utakuwa na watoto sitini darasani na kila siku mmoja atasema kichwa, mwingine tumbo, na utachoka, na utajua kwamba nusu yao wanadeka. Mwamini hata yule anayedeka, kwanza, kisha chunguza.

Kinoe kabla hakijawa butu. Nimekufungia kinoo kidogo pamoja nacho. Matone machache ya maji yanatosha. Sisi tuliokua tukipanda mlima na ndoo za maji kichwani hatuhitaji kuambiwa maji mengi ni anasa. Laza bapa karibu kugusa jiwe, linyanyue kidogo tu, kama unataka kuchuna ngozi nyembamba ya jiwe, na uende upande huu na upande huu kwa idadi ileile. Jaribu kwenye karatasi, usijaribu kwenye kidole gumba mbele ya watu kama anavyofanya Bakari. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na hujui kitakwenda wapi kikiteleza.

Kata kuelekea nje. Hata ukiwa na haraka. Hasa ukiwa na haraka. Mkono wa pili uwe nyuma ya makali, usiwe mbele. Usikitumie kufungulia makopo wala kukazia skrubu. Ncha itavunjika na utailaumu dunia. Kabla ya kukifunga, angalia vidole vyako viko wapi, kisha ondoa loki, kisha funga kwa mikono miwili. Kuna vijana wanaofunga kwa kukung'uta mkono mmoja. Waache wafunge. Vumbi likiingia kwenye kiungo, pulizia, kisha tia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda na kisu kitakuwa kizito kama mlango wa ghala.

Ukimpa mtu, kifunge kwanza. Akiwa na haraka kiasi cha kutosubiri kifungwe, hana kazi nacho. Ukifika penye ukaguzi na mlinzi akakikataa, mwachie, usigombane. Siku ya mitihani kiache nyumbani. Mimi nimekuwa mkaidi maisha yangu yote, na nimejifunza kuchagua mahali pa kuutumia ukaidi wangu.

Mjomba wako ana hofu nyingine ambayo hakuisema, na hiyo siidharau. Anahofu siku moja utakitoa kwa mtu. Nikwambie lililonipata. Mwaka mmoja nilikuwa stendi ya Masasi nakata kamba ya gunia. Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema neno chafu juu ya mwili wangu. Niligeuka, na kisu kilikuwa wazi mkononi. Sikukusudia. Alirudi nyuma hatua tatu, uso umempauka. Nami nilifurahi. Nilifurahi mpaka nyumbani, barabara nzima. Usiku ule niliandika kwenye daftari: "Leo nimeogopwa. Nimependa. Nisipende tena." Kisu kinachotolewa kwa hasira kinamwingiza mtu mahali ambapo hakuna loki. Ukitishwa, kimbia, piga kelele, ingia nyumba ya kwanza yenye taa. Kisu kibaki mfukoni. Nimekupa cha kukatia kamba, mkate, kucha, nyuzi za sare, embe la mtoto aliyekuja bila chakula, maboksi ya vitabu yatakayokuja yamefungwa kama siri. Sikukupa cha mtu.

Utaona kwamba nimekiri kosa na bado sijapiga magoti. Watu watakwambia hayo mawili hayakai pamoja. Watasema mama yako angekuwa na haya angekitupa kisu chake chooni siku ileile na kujifunza kukaa kama wenzake. Nimelifikiria hilo kwa miaka. Kama ningekitupa, watu wangeridhika, na uongo wangu ungebaki palepale Nanganga, umekaa juu ya wifi yangu. Nilichopaswa kukitupa ni uongo. Nimechelewa kuutupa, lakini nimeutupa, na kisu changu kipo hapa kwenye pindo la kanga ninapoandika. Kesho kutwa nina miche ya kubebesha.

Mkono uliokuunguza ndio uliobebesha miche iliyokusomesha. Sina mkono mwingine. Sitausifu wala sitauficha.

Ukikasirika, kasirika. Usifanye haraka kunipigia simu useme mama yameisha, ukisema tu ili nilale. Sema siku yatakapoisha kweli. Na kama hutakitaka kisu, mpe shangazi yako pale barabarani, atakifanyia kazi. Lakini usimrudishie mjomba wako. Hilo nakuomba kama mama.

Naona umekwisha kuanika. Nitaiweka barua hii juu ya nguo zako begini kabla hujaingia, uisome usiku huu, na nitajua umeisoma nikikuona usoni.

Mjomba wako hajapiga simu, na mimi sitampigia kumbembeleza. Namheshimu, ni kaka yangu, shikamoo yake nitampa siku yoyote nikimwona. Lakini mtoto wangu hataondoka bila dua kwa sababu ya ubishi wa watu wazima. Kesho alfajiri, kabla hatujatoka kwenda stendi, tutasimama hapa mlangoni watatu, baba yako amekubali, ametikisa kichwa tu lakini amekubali, na dua nitaisoma mimi. Sijawahi kuisoma mbele ya watu. Sauti yangu si nzuri kama ya mjomba wako, na katikati kuna mahali huwa napotea. Nikikwama usicheke, na usimwangalie baba yako. Nipokee, tumalize pamoja.

Mama yako